Sukari Twaitaja, Huzuni Twaificha

ELIMU KWA UMMA: Maswali yanayoulizwa Kibarani kuhusu sonona na maradhi ya kudumu

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kibarani, Mombasa. Ana miaka hamsini na kitu, na huu ni mwaka wake wa tisa na sukari. Saa mbili asubuhi ameketi kwenye benchi la kliniki, mapajani ana daftari lililofunikwa kwa karatasi ya gazeti. Ndani, kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, sukari, presha, uzani. Leo sukari imesoma 17.

“Mama, dawa unameza?”

“Nameza.”

“Na chakula unafuata vile tulivyokwambia?”

“Nafuata.”

Muuguzi anaandika, daktari anaongeza dozi, anaitwa mwingine. Lakini vidonge vya mwezi uliopita viko nyumbani juu ya kabati, havijaguswa kwa siku kumi na moja. Pesa za dawa zilikuwepo. Kilichokosekana ni nguvu ya kuinuka kitandani kuvifuata. Mama hakulisema hilo kwa kuwa hakuulizwa, na hata angeulizwa, daftari lake halina safu ya kuliandika. Sasa ameongezewa dozi ya dawa ambayo hakuwa akiimeza. Siku atakayoanza kuimeza yote kwa pamoja, sukari yaweza kushuka hadi aanguke.

Kibarani ni mahali watu hupita. Magari ya Changamwe yaendayo kisiwani hupita, malori ya makontena hupita. Wengi walilijua jina hilo kwa jaa la takataka la kando ya barabara ya Makupa, hadi lilipofungwa mwaka wa 2018 na mahali pake pakapandwa nyasi na miti. Apitaye huona bustani. Akaaye hapo anajua kilichofukiwa chini. Mgonjwa wa maradhi ya kudumu naye huwa hivyo mara nyingi: watu humwona amevaa, amesimama, anacheka, wakasema amepata nafuu.

Haya ni majibu ya maswali ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini.

Sonona ni nini? Si huzuni tu?

Huzuni ina mwenyewe. Umefiwa, umefutwa kazi bandarini, mtoto amekosa karo. Inakuja, inauma, na katikati yake bado kuna saa ambapo chai ina ladha na kichekesho kinachekesha. Sonona hukaa. Kwa kipimo cha madaktari, ni hali inayodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi: moyo mzito, au kutojali chochote kilichokuwa kikikufurahisha, pamoja na mabadiliko ya usingizi, hamu ya kula, nguvu na makini, na kujiona huna thamani. Kazi na mambo ya nyumbani huanza kukushinda.

Pwani wachache watakwambia “nina sonona”. Watasema “nina mawazo mengi”, “roho imechoka”, “kichwa hakitulii”, “moyo waniwaka”. Wengine hawasemi lolote la moyoni. Wanalalamika mgongo, kifua, tumbo. Redioni utasikia unyogovu, mfadhaiko au msongo wa mawazo. Msongo ni mzigo ulio juu yako, nao unaweza kuondoka ukiutua. Sonona ni ugonjwa, hata mzigo ukitolewa unaweza kubaki. Ni ugonjwa wa kawaida sana: Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao milioni 332 ulimwenguni wanaishi nao.

Kwa nini inawaandama wenye sukari, presha, pumu, seli mundu au virusi vya Ukimwi?

Kwa sababu maradhi ya kudumu hayana likizo. Malaria utameza dawa siku tatu ukaisahau. Sukari utaamka nayo siku ya Idi. Harusini unahesabu pilau kwa kijiko, na kila mtu anayepita anakwambia “usile hicho”. Kuna gharama, kuna hofu ya mguu, ya jicho, ya figo. Kuna na jambo ambalo watu hawalitaji kirahisi: mwanamume aliyekuwa akibeba magunia Shimanzi sasa anangoja mkewe arudi na chochote, naye hajui ajiite nani.

Hilo ni la moyoni, lakini mwili nao una mkono wake. Dhiki ya muda mrefu hupandisha homoni ya kotisoli, ambayo hupandisha sukari na presha. Maumivu hukatiza usingizi, na asiyelala huhisi maumivu zaidi. Ndiyo maana mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya sonona mara mbili hadi tatu zaidi ya asiye nacho, na miongoni mwa waliopata mshtuko wa moyo karibu mmoja kati ya watano huipata.

Kisha mzunguko hugeuka. Mwenye sonona huacha dawa, huruka kliniki, hula ovyo au hali kabisa, hakai sawa na watu. Maradhi yanapanda, na yakipanda moyo unashuka zaidi. Haya mawili yanakula sahani moja. Ukitibu moja tu, jingine litaendelea kujilisha.

Uchovu wangu ni wa sukari. Nitajuaje kama kuna sonona ndani yake?

Ni swali zuri, maana hata wahudumu wa afya huteleza hapo. Uchovu, kukosa usingizi na kupungua uzani vinaweza kuletwa na maradhi yenyewe. Kwa hiyo anza na maswali mawili ambayo sukari peke yake haiyajibu. Katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umehisi huzuni au kukata tamaa? Na ni siku ngapi umekosa raha au hamu katika mambo unayoyapenda? Aliyechoka kwa sukari atasema: “Natamani kwenda barazani, miguu hainipeleki.” Mwenye sonona atasema: “Hata wakinibeba, sioni nitakwenda kufanya nini.”

Kliniki wana dodoso la maswali tisa linalotumika duniani kote, nalo lipo kwa Kiswahili. Kila jibu hupewa alama kutoka 0 hadi 3, jumla ni 27. Kuanzia 10, mhudumu anapaswa kukuchunguza kwa kina. Dodoso ni kama kipimajoto: linaonyesha joto, halisemi limetoka wapi.

Ndiyo sababu uchunguzi wa mwili haurukwi. Tezi ya thairoidi ikilegea, mtu huwa mzito wa mwili na wa moyo. Upungufu wa damu hufanya vivyo. Aliyemeza metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa na vitamini B12, akapata ganzi miguuni, uchovu na moyo kuinama. Vidonge vya predinisoloni, ambavyo wenye pumu hupewa, vinaweza kumbadilisha mtu hali ya moyo. Uliza upimwe.

Watu wa nyumbani wanasema ni jini, au hasadi, au imani imepungua.

Hakuna haja ya kugombana nao. Pwani mtu akibadilika, hupelekwa kusomewa, wengine hupunga pepo, wengine huombewa kanisani, na mara nyingi wanaompeleka ni wale wampendao zaidi. Dua inatuliza. Kukaa na shehe au mchungaji anayesikiliza kunafaa. Hatari ni pale mgonjwa anapoambiwa aache insulini mpaka kisomo kiishe, au anapofungwa, kupigwa ama kunyimwa chakula. Hapo si dua tena.

Katika Uislamu kutafuta dawa ni jambo linalohimizwa, na si alama ya imani haba. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka wa 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi. Alitenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na huzuni ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi, na akaonya kwamba mwili na nafsi huambukizana ugonjwa. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Hapa Kenya, kaunti ya Makueni, timu ya Profesa David Ndetei, daktari wa magonjwa ya akili, iliwakutanisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya wakafunzwa kuitambua sonona na kupelekeana wagonjwa. Imamu anayemwambia muumini “nitakusomea, na kesho mwanao akupeleke hospitali ya Port Reitz” ameshafanya kazi ya watu wawili.

Niko Kibarani. Nianzie wapi?

Anzia pale unapokwenda tayari. Hili ndilo jambo kubwa katika makala haya. Huna haja ya kutafuta mlango mpya, wala kuonekana kwenye foleni ambayo majirani wataizungumza. Kliniki yako ya sukari, ya presha, ya pumu au ya kuchukua dawa za virusi ndiyo mlango. Sonona isiyo kali hutibiwa na daktari wa kawaida au afisa wa kliniki, na wakiona imewazidi watakuandikia barua ya rufaa.

Kwa wa Kibarani na Changamwe, hospitali ya Port Reitz iko karibu, na ina kitengo cha magonjwa ya akili kinachojulikana Pwani nzima. Ukivuka kuingia kisiwani iko Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ile wenyeji wanayoiita Makadara, ambayo hupokea dharura usiku na mchana.

Kama miguu haikupeleki, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwenu. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu zaidi ya laki moja nchini mikoba yenye mashine za presha na sukari. Anayekuja kukupima presha mlangoni anaweza pia kusikia kwamba hulali, akakuongoza mpaka kituoni.

Nitamwambiaje daktari? Foleni ni ndefu, nina dakika tano.

Dakika tano zinatosha ukiwa umejiandaa. Usianze na “sijisikii vizuri”, kwa sababu benchi zima halijisikii vizuri. Sema mambo matatu: lini ilianza, kimebadilika nini, na dawa zako zimekuwaje. Mfano:

“Daktari, tangu mwezi wa Ramadhani silali, naamka saa tisa usiku na sirudi usingizini. Sina hamu ya kitu. Na nisikufiche, dawa sijameza siku kumi na moja.”

Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu, nayo ndiyo inayookoa. Daktari akijua hukumeza, hatakuongezea dozi. Atauliza kwa nini. Ukiona haya kutamka, andika kwenye daftari usiku, kisha umfungulie ukurasa. Ukitaka kusema bila mwanao au jirani kusikia, omba faragha. Ni haki yako kuwekewa siri na kushirikishwa katika matibabu yako. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022, na miongoni mwa yaliyosisitizwa ni haki za mgonjwa na wajibu wa kaunti kupeleka huduma hizi karibu na wananchi.

Akikujibu “hayo ni mawazo tu, punguza”, usiyachukue kuwa hukumu. Rudi siku nyingine, au mwombe muuguzi akuonyeshe mwingine.

Dawa za sonona zitanilevya? Hazitagombana na zangu?

Dawa zinazotumika sana katika hospitali za umma, kama fluoksetini na amitriptilini, hazileti ulevi wa kutamani dozi zaidi na zaidi. Watu hudhani ni sawa na vidonge vya kulalia, ambavyo ndivyo vinavyoweza kukuzoesha vibaya. Lakini yapo manne ya kujua.

Kwanza, hazifanyi kazi siku ya kwanza. Madhara madogo, kama kichefuchefu au kinywa kukauka, hutangulia. Nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Wengi huacha wiki ya kwanza, wakasema dawa ni mbaya.

Pili, ukipata nafuu usikate. Kwa kawaida dawa huendelezwa miezi sita au zaidi baada ya kupona, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, na ugonjwa waweza kurudi.

Tatu, zinagusana na dawa nyingine. Fluoksetini inaweza kushusha sukari kwa anayetumia dawa za kisukari, kwa hiyo wiki za mwanzo pima mara nyingi zaidi. Amitriptilini husaidia pia maumivu ya mishipa ya miguu yanayowasumbua wenye sukari, lakini mwenye ugonjwa wa moyo lazima aseme kabla ya kupewa. Taja kila unachomeza, pamoja na mitishamba ya soko la Kongowea na ile poda uliyoletewa kutoka Tanga.

Nne, Ramadhani. Usijiamulie. Nenda kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Daktari ataona kama dozi zinaweza kuhamia futari na daku, au kama wewe ni miongoni mwa wagonjwa waliopewa ruhusa ya kutofunga. Kuna wagonjwa ambao kutofunga ndiko kunakowaumiza zaidi moyoni, wanajiona wametengwa na umma. Hilo nalo mweleze daktari, na umweleze imamu.

Na muguka, yale majani ya kutafuna? Kaunti ya Mombasa ilijaribu kuupiga marufuku Mei 2024, na mabishano yakafika mahakamani. La mgonjwa kujua ni hili: unafukuza usingizi na hamu ya kula, na ukiisha mwilini moyo unashuka chini zaidi ya ulipokuwa.

Na asiyetaka vidonge?

Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo yenye utaratibu hutibu, na katika sonona kali mazungumzo na dawa hushikana mikono. Ushahidi mzuri umetoka Afrika Mashariki kwenyewe.

Mwaka wa 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, vijiji 30 vilishiriki katika utafiti. Watafiti hawakwenda na jina la kigeni. Waliwauliza wanakijiji wanaita nini, wakapewa maneno ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Katika nusu ya vijiji, watu wenye dalili walikutana kwa vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, dakika tisini kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa wiki mbili tu. Mwanzoni, watu 86 kati ya kila 100 walikuwa na sonona. Mwishoni hawakufika saba. Katika vijiji ambavyo havikupewa vikundi, zaidi ya nusu walikuwa nayo bado.

Walizungumza nini? Mambo manne: kufiwa, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Ugonjwa wa kudumu mara nyingi huingilia mlango wa tatu. Ulikuwa mvuvi, sasa huendi baharini. Kikundi hakikurudishii mashua. Kinakusaidia kuomboleza ulichopoteza, kisha kutazama kilichobaki.

Zimbabwe nako, kuanzia mwaka wa 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mtaani wakaketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakitumia neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Utaratibu huo ulifika hadi Zanzibar.

Kibarani tunajua kuendesha chama. Watu sita hadi kumi wanaokutana kliniki moja wanaweza kuanza na benchi moja na saa moja kwa wiki. Kanuni zake ni chache: la humu halitoki, hakuna anayemhubiria mwenzake, hakuna anayeuza dawa, na muuguzi ajue mpo ili mtu akizidiwa mwe na pa kumpeleka.

Gharama je?

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF. Kujisajili ni bure kwa kubonyeza *147#. Aliyesajiliwa hutibiwa bila kulipa katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vinavyoshiriki. Kwa hospitali kubwa zaidi ni lazima michango iwe imelipwa: asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya kwenda, uliza dirishani kipi kinalipiwa na kipi utatoa mfukoni. Omba dawa kwa jina lake la kitabibu badala ya jina la kampuni. Dawa za zamani za sonona ni za bei nafuu.

Jamaa zangu hawanielewi. Na jamaa naye anauliza: nifanyeje?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jamaa wengi si wakatili, hawajalala hapo. Nao pia wamechoka: ndio wanaochemsha, wanaokopa nauli, wanaoamka usiku.

Kwa mgonjwa: usisubiri ukoo mzima ukuelewe. Chagua mtu mmoja, umwombe kitu kimoja kinachopimika. “Dada, nipigie saa mbili usiku uniulize kama nimemeza” ni ombi ambalo dada atalitimiza. “Nielewe” ni ombi ambalo hata akilitaka hajui alianzie wapi.

Kwa jamaa: yapo maneno yanayofunga mlango hata yakisemwa kwa mapenzi. “Jikaze.” “Mshukuru Mungu, wako walio na zaidi.” “Si ulikuwa ukicheka jana?” Mgonjwa akiyasikia, mara ya pili hasemi. Badala yake uliza, “Leo imekuwaje?” kisha nyamaza usikie. Msindikize kliniki ukae naye kwenye benchi. Usimpokonye kazi zote nyumbani. Achambue mchele, apokee mgeni, afanye lile analoliweza. Na usimlinde kama askari juu ya kila tonge.

Mkumbuke na mlezi. Anayemtunza mgonjwa kwa miaka anaweza kuingia sonona yeye mwenyewe, na maswali yale mawili ya juu yanamhusu naye.

Nikifikiria kufa je? Au mtu wangu akitamka hivyo?

Lichukulie kwa uzito hata kama limesemwa kwa mzaha. “Nitawapumzisha”, “bora nisingekuwepo”, kugawa vitu, kuaga watu bila safari, kuacha dawa kwa makusudi: hizo ni dalili. Muulize waziwazi, “Unafikiria kujiua?” Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, humpa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake. Dawa zake, insulini pia, zikae kwa mtu mwingine anayempa dozi kwa wakati, na vitu vya hatari viondolewe. Kisha mpeleke Port Reitz au Makadara saa hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki.

Kama ni wewe, piga simu bila malipo nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu, au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Huna haja ya kujua utasema nini. “Nimelemewa” inatosha.

Wengi waliogopa hospitali kwa sababu ya polisi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la hadi miaka miwili jela. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Aliyefika hapo anahitaji tabibu.

Nitapona?

Sukari huenda isiondoke. Sonona, kwa wengi wanaotibiwa, huondoka au hulegea kiasi cha mtu kurudi kwenye maisha yake. Yaweza kurudi, na aliyewahi kuipata huzijua dalili zake za mwanzo mapema. Kwa mmoja ni usingizi wa saa tisa usiku, kwa mwingine ni simu asizopokea. Zijue zako, na umwambie yule mtu wako mmoja.

Turudi kwa mama wa Kibarani na daftari lake. Leo usiku anaweza kuchukua rula, pembeni mwa safu ya uzani akapiga mstari wa safu ya tano, juu yake akaandika “moyo”. Chini yake aweke nambari kila jioni, kuanzia 0 kwa siku mbaya kabisa hadi 10 kwa siku njema, na alama ndogo kama amemeza dawa. Kliniki ijayo, muuguzi akifungua ukurasa ataona tarehe, sukari, presha, uzani, na safu ambayo hajawahi kuiona. Atauliza, “Mama, na hii ni nini?”

Hapo mama atakuwa ameulizwa.